Mkutano wa Maji Mafu

Shangazi yangu hana kalenda ukutani. Ukimuuliza leo tarehe ngapi, atakujibu kwa mwezi wa angani: leo mwezi saba, kesho kutwa mwezi tisa. Amenilea tangu nina miaka tisa, hapa hapa Bagamoyo, na kwa muda mrefu niliichukua hesabu yake kama desturi ya wazee, kitu cha kukiheshimu tu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Ninaandika tarehe ubaoni kila asubuhi, siku, mwezi na mwaka. Ilinichukua mpaka watu wa kwetu walipopoteza njia ya kwenda pwani ndipo nikaelewa kwamba hesabu ya shangazi inajua jambo ambalo tarehe ya ubaoni haijui: inajua nani atakuwapo mkutanoni na nani hatakuwapo.

Nianze na maji yenyewe, maana asiyekulia pwani hataelewa kisa hiki bila hayo.

Ufukwe wa Bagamoyo ni bapa. Maji yakipwa hutoka mbali sana, ngalawa zinalala ubavu kwenye mchanga na mtoto anaweza kutembea mpaka akaonekana kama nukta. Mwezi unapoandama na unapopevuka ndiyo bamvua: maji hujaa kupita kawaida na hupwa kupita kawaida. Upande wetu huu wa pwani, siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Juma moja likipita, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka: saa nne asubuhi ndipo yamejaa, na hata yakipwa jioni hayaendi mbali, yanasogea kidogo tu na kurudi. Hayo ndiyo maji mafu.

Shangazi na wenzake huishi kwa bamvua. Saa mbili asubuhi wanatoka na ndoo, wanayafuata maji yanavyorudi nyuma. Wanaokota kombe na chaza, palipo na miamba wanachokoa pweza, na uduvi ukija wanatanda wawili wawili, kila mmoja ameshika ncha zake za shuka. Baada ya saa nne maji yanageuka, na kama saa sita nao wanarudi yakiwafuata visiginoni. Siku za maji mafu hawaendi. Hakuna cha kufuata. Ndizo siku za kufua, kusuka ukili, kwenda kuwaona wagonjwa, kulala mchana.

Na mikutano yetu ya kitongoji huitwa saa ngapi? Saa nne asubuhi.

Sitakitaja kitongoji. Waliohusika ni majirani zangu, na si nia yangu mtu aonyeshwe kidole sokoni. Itoshe kusema ni mojawapo ya sehemu zenye nyumba za zamani zinazotazamana na viwanja vipya, na kati ya nyumba na bahari kulikuwa na njia ya miguu. Njia hiyo nimeipita nikiwa mtoto nikimpelekea shangazi maji ya kunywa. Upana wake ulitosha wanawake wawili kupishana wakiwa na ndoo kichwani bila kugongana. Haikuwa na jina. Hakuna aliyeichonga. Ilikuwapo kwa sababu watu walipita.

Asubuhi moja ya mwezi mwandamo, shangazi alitoka kama kawaida na kurudi baada ya muda mfupi. Ndoo tupu. Alikaa kwenye kibaraza akaniita. "Mwanangu, pale kwenye mkwaju pana ukuta."

Nikaenda kuangalia. Ukuta wa matofali ulikuwa umefika kiunoni, na fundi alikuwa anaendelea. Nilimsalimu, akaniitikia vizuri, nikamuuliza watu wapite wapi. Akanionyesha kwa mwiko: pembeni, kupitia korongo linalotoa maji ya mvua. Kiangazi korongo hilo linapitika, ila ni mzunguko wa robo saa zaidi. Masika halipitiki. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, ndoo ya kombe kichwani, tope la magotini.

Hasira yangu ya kwanza ilikuwa juu ya mwenye kiwanja. Niliwaza tu kwamba huyu mtu amejichukulia. Sikuwa na haki. Nilipokwenda ofisini kuuliza, kwa upole, kama mwalimu anavyotakiwa kuuliza, nilifunguliwa daftari la mihtasari nikaonyeshwa ukurasa. Jambo lilikuwa limepita mkutanoni. Halikuwa hata ajenda. Lilikuwa chini ya "Mengineyo", baada ya taka na kabla ya kufunga mkutano, mistari minne: kwamba mmiliki ameomba njia ya miguu ihamishiwe pembeni ya kiwanja chake, kwamba wananchi waliridhia, kwamba mwenyekiti aliwashukuru.

Wananchi waliridhia. Nilisoma maneno hayo mara tatu. Kisha nikafungua orodha ya mahudhurio nikaanza kusoma majina.

Walikuwa 31, na wote ninawajua. Wenye maduka, vijana wa bodaboda, mafundi wawili, wastaafu, wapangaji waliohamia mwaka huo. Wanawake saba, watatu kati yao walimu wenzangu. Hakuna hata mmoja anayeingia baharini. Wavuvi hakuna, hata mmoja. Saa nne asubuhi waliovua usiku ndiyo wako sokoni, wanasimamia mnada na kugawana mapato. Hakuna aliyedanganya katika muhtasari ule. Waliokuwapo waliridhia kweli, kwa sababu njia ile hawakuwa wakiipita.

Nikaitazama tarehe ya mkutano. Nilirudi nayo nyumbani nimeiandika kwenye kiganja, nikamuuliza shangazi siku hiyo ilikuwa mwezi ngapi. Akafikiri kidogo, akauliza kama ilikuwa kabla au baada ya harusi ya jirani. Nikamwambia siku mbili baada. "Basi mwezi kumi na tano," akasema. "Siku ile tulipata pweza wengi."

Jibu lake hilo ndilo lililonifanya nianze kuandika haya.

Watu wa mji huu tunapenda kuzungumza maamuzi makubwa, na tuna sababu. Mwezi Aprili 1888 Sultani wa Zanzibar aliikabidhi kampuni ya Wajerumani utawala na ushuru wa forodha wa pwani yetu kwa mkataba, na wenyeji wa Pangani na Bagamoyo walijua hilo wakati bendera ngeni ilipopandishwa. Vita ya Abushiri ilianzia hapo. Miaka michache baadaye Wajerumani, waliokuwa wameifanya Bagamoyo makao makuu ya koloni lao, wakahamishia makao hayo Dar es Salaam mwaka 1891. Sababu kubwa ilikuwa maji haya haya ninayoyasimulia. Pwani yetu ni ya kina kifupi, meli zililazimika kutia nanga mbali na mizigo ikavushwa kwa mashua na mabega ya watu, wakati Dar es Salaam ina bandari ya asili yenye kina. Uamuzi mkubwa kuliko wote katika historia ya mji wetu uliamuliwa na maji kupwa. Nimewahi kuwaambia hivyo wanafunzi wa darasa la sita na mmoja akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, kwa hiyo maji yangekuwa marefu sisi ndiyo tungekuwa Dar?" Pengine, mwanangu. Pengine.

Na katika zama zetu, bandari tena. Mwaka 2013, Rais Xi Jinping wa China alipotembelea nchi yetu, ulitiwa saini mkataba wa awali wa bandari kubwa kujengwa Mbegani. Mwaka 2019 mazungumzo yakasimama. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akasema yatafufuliwa. Miaka yote hiyo, ukikaa kibarazani Bagamoyo ukanywa kahawa, mazungumzo ni bandari: itakuja, haiji, viwanja vimepanda bei, vimeshuka. Siwalaumu wanaoyazungumza. Lakini ninaona tulizoea kuamini kwamba maamuzi yanayogusa pwani yanafanywa mbali, Dodoma au Beijing, na kwa hiyo hatuna la kufanya ila kungoja. Njia ya shangazi haikuchukuliwa Dodoma. Ilichukuliwa chini ya mwembe, umbali wa kutupa jiwe kutoka jikoni kwake, na kalamu iliyoandika ilikuwa ya jirani.

Baada ya hapo nilijisomesha. Nilisoma jioni, baada ya kusahihisha madaftari, na mengine niliulizia kwa watu wanaofanya kazi hizo. Serikali za mitaa zilikuwa zimefutwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na leo Katiba yenyewe, katika Ibara ya 145 na 146, inasema zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Nilijifunza kwamba vikao vya Baraza la Madiwani si siri. Mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza, ingawa hawezi kusema. Kwamba baraza hukaa angalau mara moja kila miezi mitatu, na kabla jambo halijafika kwake hupita kwenye kamati, na kwa mambo kama ya ufukwe ni Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira. Kwamba ushuru anaotozwa mchuuzi lazima utokane na sheria ndogo, na sheria ndogo haitungwi usiku mmoja: halmashauri inatakiwa iutangazie umma kusudio lake, watu wapewe nafasi ya kupinga, kisha iende kwa waziri mwenye dhamana na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Tangazo hilo hubandikwa kwenye mbao za matangazo. Nimepita mbele ya ubao wa matangazo maisha yangu yote nikidhani ni wa watu wengine.

Nilisoma pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Nilifurahi kama mtu aliyeokota hela. Nikachukua kamba, wanafunzi wangu wawili wakanisaidia kupima, na furaha ikaishia hapo: ukuta ulikuwa nje ya mita 60. Sheria ile inaulinda ufukwe. Njia ya kuufikia ufukwe ni jambo jingine, linakaa kwenye ramani ya mipango miji, na kwenye ramani njia yetu haikuwapo. Tulikuwa tumeipita vizazi na vizazi bila mtu kuichora.

Basi kilichobaki kilikuwa ule muhtasari. Mistari minne.

Nilimwendea mwenyekiti wa kitongoji nyumbani kwake, jioni, baada ya Magharibi. Ni mtu mzima, nilimwamkia, akaniitikia na kuniagizia chai. Nilimwambia kilichonipeleka. Hakukasirika. "Mwalimu, tangazo lilipita," akasema, na ni kweli lilipita: kijana kwenye pikipiki na kipaza sauti, jioni ya kuamkia mkutano. Nikamuuliza kama alijua kwamba siku ile ilikuwa bamvua. Akanitazama muda mrefu. Yeye ni seremala, amezaliwa hapa, babu yake alikuwa nahodha wa jahazi. Akaweka kikombe chini. "Sikufikiria hilo," akasema. "Wallahi sikulifikiria."

Ninamwamini. Na ndiyo maana jambo hili linanikera kuliko kama lingekuwa ni hongo. Hongo ina mtu wa kumkamata. Hapa kila mtu alifuata utaratibu: mkutano uliitishwa, tangazo likapita, watu wakaketi, muhtasari ukaandikwa. Ofisi hufanya kazi kwa saa za ofisi, na saa nne asubuhi ni saa nzuri ya ofisi. Hakuna aliyepanga kuwafungia wanawake wa pwani nje. Ila ukiitisha mkutano saa nne asubuhi mwezi mwandamo au mwezi mpevu, umewafungia, iwe ulikusudia au hukukusudia, na umewafungia hasa siku ile ambayo wakikosa kwenda baharini wanakosa chakula cha juma zima. Anayechagua siku ya mkutano amekwisha kuchagua sehemu kubwa ya majibu.

Tuliandika barua. Niliiandika mimi, lakini maneno yalikuwa yao. Tulikaa uani kwa shangazi siku ya maji mafu, wanawake kumi na tisa, kila mmoja akasema anapita wapi, tangu lini, anabeba nini. Mmoja alisema alipitishwa njia ile akiwa bibi harusi. Mwingine alisema jeneza la mume wake lilipita pale, alikufa baharini na wakamtoa kwa njia ile. Sikujua kama mambo hayo yanafaa kwenye barua ya ofisi. Niliyaandika yote. Wenye saini wakatia saini, wengine wakaweka dole gumba, na barua ikaenda kwa mtendaji, nakala kwa diwani, ikasomwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Huko ikaamuliwa kwamba mkutano urudiwe.

Na hapa mwenyekiti akafanya jambo ambalo ninataka lijulikane. Kabla ya kutangaza siku, alikuja mwenyewe mpaka kwa shangazi. Alikaa kwenye mkeka, akamuuliza: "Bibi, tuuweke lini?" Shangazi akamjibu mwezi ishirini na tatu, baada ya Alasiri. Tangazo lilipita siku tatu mfululizo badala ya jioni moja.

Nilihesabu watu 94. Wavuvi walikuja na kukaa nyuma, kwenye magogo, kama watu wasio na uhakika kama wamealikwa. Wanawake walikuja na watoto. Mwenye kiwanja naye alikuja, na nilipomsikia akizungumza nilijiona nilimdhania vibaya. Alisema aliuliza kama kuna pingamizi, akaambiwa hakuna, akajenga. Angefanya nini zaidi? Alikuwa na karatasi mkononi na karatasi ilikuwa sahihi.

Shangazi aliomba kusema. Sikuwahi kumwona akisimama mbele ya watu wengi hivyo. Hakusema habari za sheria wala mita. Alieleza maji. Alisimama pale akawaeleza watu wa maduka, wapangaji, vijana wa pikipiki, kwamba mwezi ukiwa hivi maji yanaondoka saa hizi, na ukiyachelewa robo saa umeyakosa, maana pweza hakungoji na kombe wa karibu wamekwisha kuokotwa na waliotangulia. Alisema robo saa ya korongo ni robo ya kipato. Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye alikuwapo kwenye mkutano wa kwanza, akanyoosha mkono na kusema yeye alikuwa miongoni mwa walioridhia, na kwamba hakujua. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Palikuwa kimya. Nimehudhuria vikao vingi vya shule, vya kamati, vya wazazi, na sijawahi kuona watu wakibadili mawazo kwa sababu wamefundishwa jambo na mtu ambaye kawaida hakai nao.

Waliafikiana kwamba njia ya upana wa mita mbili iachwe, upande wa kaskazini wa kiwanja, mahali palipo karibu na njia ya zamani, na ukuta ufunguliwe hapo. Mwenye kiwanja alikubali. Iliombwa pia kwamba njia hiyo iingizwe kwenye ramani, ili kesho mtu mwingine akinunua aikute imechorwa. Safari hii haikuwa "Mengineyo". Ilikuwa ajenda namba moja, na aliyeandika muhtasari aliusoma kwa sauti kabla watu hawajatawanyika. Hilo liliombwa na shangazi mmoja mwingine, asiyejua kusoma, na ninatamani kila mkutano wa nchi hii uazime kwake.

Sitaki kusimulia kama kwamba limekwisha. Ukuta bado umesimama. Mahali pa kufungua pamewekwa alama ya rangi nyekundu, mistari miwili ya kusimama, na mvua imeanza kuififisha. Suala la ramani limepanda ngazi. Linangoja kamati, kisha baraza, na huko linapanga foleni pamoja na madarasa, zahanati na mitaro ya kata nyingine zenye shida kubwa kuliko yetu. Ninaelewa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na lisiloingia kwenye bajeti linasubiri mwaka mwingine. Kila nikiuliza ninajibiwa kwa adabu. Wakati huo huo wanawake wanapita korongoni, na masika yanakuja.

Mwenyekiti sasa ana karatasi ndani ya daftari lake la mihtasari. Nilimchorea mimi, kwa kalamu mbili: siku za bamvua nyekundu, siku za maji mafu bluu, mwaka mzima. Alichaguliwa Novemba 27, 2024 pamoja na wenyeviti wengine wa vijiji, mitaa na vitongoji nchi nzima, kwa hiyo ana muda wa kuitumia. Amenionya kwamba siku nyingine hazitegemei yeye, agizo likitoka juu kwamba mkutano ufanyike Jumamosi hii, utafanyika Jumamosi hii. Nikamwambia basi aandike kwenye muhtasari kwamba ilikuwa bamvua, ili anayesoma ajue akina nani hawakuwapo. Alicheka kidogo, kisha akaniambia atafanya hivyo.

Jana nimepata tarehe ya kikao cha baraza ambacho tumeambiwa huenda suala letu likafika. Nimeomba ruhusa shuleni ili nikakae na kusikiliza. Jioni nilimpitia shangazi nikamkuta anakausha uduvi kwenye mkeka, nikamtajia tarehe. Aliacha alichokuwa akifanya, akahesabu kwa vidole, mkono wa kulia kisha wa kushoto, midomo ikienda bila sauti.

"Mwezi ishirini na mbili," akasema. "Nitakuja."